Msuluhishi aliyetupangia zamu za malezi

Baada ya talaka, mimi nikiwa nimebaki Wete, kisiwani Pemba, na mzazi mwenzangu amehamia Unguja, tulikwenda kwa msuluhishi mmoja wa Chake Chake atusaidie kupanga zamu za malezi. Alianza na mtoto mwenyewe: siku za skuli, saa za chuo cha Kurani, na safari ya boti, ambayo kwa mtoto wa miaka 7 anayetapika kila bahari ikichafuka si jambo la kila wiki. Kwa hiyo likizo ndefu zikawa za baba, na Idi tukapokezana. Alitukumbusha pia kuwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inatanguliza maslahi ya mtoto. Kasoro ni moja, nayo imeniuma: hakuandika nani atalipa nauli, tukazozana bandarini mtoto akisikiliza.