TAHADHARI: Jamaa anayeuza viti vya gari "ex-Japan" na kukufungia hapo hapo, chungulieni chini ya kiti kwanza

Jamani wenye magari ya zamani hapa Mombasa, nisomeni, hili jambo karibu linitolee mamangu roho.

Gari yangu ni Toyota Corolla 110 ya 1998. Kiti cha abiria cha mbele kilikuwa kimechoka kabisa, sponji imebonyea, kava imepasuka, ukikilaza hakirudi. Nikaona jamaa kaposti viti ati vimetoka kwa kontena juzi, picha safi, kava nyeusi inang'aa. Nikampigia, ndugu yangu huku ndugu yangu kule, 14,000 pamoja na kufunga, lakini nitume 7,000 aniwekee maana kuna mtu wa Kilifi anakitaka. Nikatuma. Jina lililotokea kwa M-Pesa si lake, kumuuliza akasema ni la mkewe. Hapo ndo ningesimama, sikusimama.

Kesho yake nikapeleka gari bandani kwake upande wa Changamwe, nakuta kiti kishavalishwa nailoni, kijana wake anafunga harakaharaka mimi nimewekwa kivulini na soda. Kitu kimoja nilikiona kwa macho yangu, bolti za zamani alizifungua na spana 14, hizi mpya akazifunga na spana 17. Nikauliza mbona, akanambia hizi kubwa zaidi ndo imara. Nikaridhika nikamalizia pesa.

Wiki mbili baadaye tunaenda Likoni na mama, tunateremkia feri, gari ya mbele ikasimama nikakanyaga breki, wala si breki ya kutisha, ile ya foleni tu. Kiti cha mama kikaondoka. Upande wa kati ukaruka mbele, upande wa mlango ukabaki, akapinda nacho akagonga goti kwa dashibodi, na mshipi alikuwa kafunga! Mlio wake kama bati likipasuka. Goti limefura mpaka leo, na ni mtu wa miaka 67.

Nikaenda kwa fundi mwengine ninayemwamini, tukakitoa tukakigeuza juu chini. Wallahi nilinyamaza. Kile kiti hakikuwa cha 110 kamwe. Miguu ya reli ilikatwa ikachomelewa mingine ili matundu yalingane na ya gari yangu, halafu pale palipochomelewa pakapakwa fila, ile lipu ya kuzibia bati, na rangi nyeusi, ukipitisha mkono huskii kitu. Fundi akaweka sumaku, kwengine inanasa, hapo inateleza inaanguka. Reli zenyewe, lile jino la kushika lilikuwa linanasa upande mmoja tu. Tukafungua kava, ndani sponji ya Japan iko kidogo juu, chini yake vipande vya godoro na makumbi ya nazi yamefungwa kwa gunia.

Na zile bolti. Za Toyota unene ni milimita 10 lakini uzi wake, ile mikato ya kuzungushia, ni mwembamba, nafasi ya milimita 1.25, hizi za kawaida za hadiwea ni 1.5. Yule kijana alizilazimisha zikaingia, zikala uzi wa nati iliyochomelewa chini ya sakafu, kwa hivyo zilikuwa zimekaa tu hazijashika. Kichwani hazina hata namba ya kuonyesha nguvu. Bolti ya kiti angalau iwe imeandikwa 8.8, ile laini ya 4.6 nguvu yake ni nusu.

Tangu sheria za barabarani za waziri Michuki 2004 tumezoea kwamba ukifunga mshipi uko salama, na ni kweli, lakini kwa gari yangu pale unapochomeka mshipi pamefungwa kwa kiti chenyewe, si kwa sakafu. Kiti kikiondoka mshipi unaondoka nacho. Hiyo ndo inaniuma zaidi, mama alifanya kila kitu sawa.

Na nyinyi wa bodaboda msidhani hayawahusu, jirani yangu alitengenezewa seat ya pikipiki yake ya Boxer na huyo huyo, nene imeinuliwa vizuri, kumbe bati la chini limeliwa na kutu na ndoano ya nyuma imefungwa kwa waya. Abiria anakalia waya!

Nimempigia akasema nimeendesha vibaya, kisha akanibloki. Bandani wanasema alikuwa anakodi nafasi tu. Jina siandiki, lakini mtindo wake ndo huo: dipoziti ya haraka, jina la M-Pesa si lake, kiti kimefunikwa nailoni hataki ukigeuze. Muuzaji akikataa kiti kipinduliwe ondoka, hata kama ushatuma nusu. Na kabla ya kufunga chochote inua kapeti uigonge sakafu na bisibisi, magari yetu ya pwani chumvi inayala kwa chini, kiti kizima juu ya bati lililooza ni yale yale.

Sasa mama anakaa nyuma, mbele pako wazi. Fundi anasema nati za sakafu zitatengenezeka. Kama kuna mtu anavunja 110 auze spea naomba kiti cha abiria na bolti zake nne zile za spana 14, nitakuja nazifungua mwenyewe.