Pikapu ya umeme ya kubeba mzigo Mtwara na Lindi: ipi iwe ya kwanza, ipi ya mwisho

Anayenunua pikapu Mtwara hanunui gari la kutembelea. Anataka la kubeba saruji kutoka Msijute, samaki kutoka Kilwa Kivinje, korosho kutoka kijijini hadi ghalani. Kwa hiyo ile namba ya kilomita kwa chaji moja, ambayo muuzaji huiandika kwa herufi kubwa kuliko zote, haimhusu sana, maana imepimwa gari likiwa karibu tupu. Namba inayomhusu ni ya kilomita zinazobaki tani moja ikishapakiwa bodini. Nimezipanga pikapu hizi hasa kwa namba hiyo.

Mzigo unakula chaji kiasi gani?

Mwaka 2023 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipakia kama kilo 635 za mchanga kwenye Ford F-150 Lightning. Tupu, gari hilo lilikuwa limekwenda kilomita 447. Likiwa na mzigo lilikwenda 338, yaani karibu robo ya safari ilipotea.

Ukipiga hesabu ya karatasi tu, robo inaonekana kubwa mno. Kwenye lami tambarare na mwendo usiobadilika, tani moja ya ziada huongeza kama uniti 3 za umeme kwa kila kilomita 100, wakati pikapu tupu ya saizi hii hutumia 25 hadi 27. Lakini barabara zetu hazimwachii mtu mwendo mmoja. Kuna matuta, kuna vituo vya ukaguzi, kuna bodaboda anayekatiza Mnazi Mmoja, na kila ukisimama unalazimika kuisukuma upya ile tani. Kwenye vumbi na kokoto tairi hunyonya nguvu mara mbili au tatu ya lami, na kwenye mchanga ni zaidi ya hapo. Ndiyo maana nakushauri upange safari kwa kukata asilimia 30 ukiwa na tani moja kwenye lami. Ukifunga tela refu kata nusu. Majaribio ya Marekani yamerudia kuonyesha hivyo.

Upepo nao ni adui, na watu wengi humsahau. Hauangalii uzito, unaangalia kimo na kasi. Magodoro kumi yaliyopanda juu ya kichwa cha gari yanaweza kula chaji kuliko saruji iliyolala chini ya ubao. Ukishuka kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80, nguvu ya upepo inapungua kwa zaidi ya theluthi. Mwenye betri na mzigo asikimbie.

Sasa mpangilio wenyewe.

1. Maxus T90EV (Australia iliuzwa kwa jina la LDV eT60)

Betri yake ni ya uniti 88.5, inabeba tani moja, na kwa kipimo cha WLTP (jaribio la maabara la kupima umbali kwa chaji moja) cha Australia inakwenda kilomita 330. Kata asilimia 30, unabaki na kama 230. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 108. Ukienda na tani moja na kurudi tupu, unatumia karibu asilimia 80 ya betri, na unafika nyumbani na akiba ya kutosha hata barabara ikikulazimisha kuchepuka. Katika orodha hii, kati ya zinazotumia betri peke yake, ni hii pekee inayofanya safari hiyo bila kumwomba mtu umeme Lindi, na hilo ndilo limeipa nafasi ya kwanza.

Gharama yake inavutia. Kwa mita ya kawaida ya Luku, shilingi 1,000 inatoa kama uniti 2.8. Ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, kwenda na kurudi ni kama shilingi 28,000. Pikapu ya dizeli yenye mzigo itataka kama lita 20. Chukua bei ya Mtwara ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, uzidishe mwenyewe.

Udhaifu wake ni kwamba inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Masika, kwenye udongo wa Nanyamba au mchanga wa njia za pwani, usiitegemee.

2. BYD Shark 6

Hii si ya umeme mtupu. Ina betri ya uniti 29.6 na injini ya petroli, na inasukuma magurudumu yote manne. Nimeiweka ya pili kwa ajili ya watu wa Newala, Masasi na Tunduru. Mtwara hadi Newala ni kama kilomita 140, na mji wenyewe uko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari. Kupandisha pikapu yenye tani moja hadi huko kunataka kama uniti 7 juu ya matumizi ya kawaida.

Mfanyabiashara wa korosho ana bahati moja hapa. Yeye hupanda mtupu na kushuka amejaa, na kwenye mteremko mota hugeuka kuwa jenereta, ikarudisha sehemu ya umeme betrini. Mwenye duka anayepandisha saruji na bati hana bahati hiyo. Hata hivyo, nilipoipigia hesabu T90EV kwenda Newala tupu na kurudi na tani, betri haikutosha bila kuchaji huko juu. Shark inamaliza safari kwa petroli, na kazi za mjini unazifanya kwa umeme.

Angalia tu uzito. Toleo la Australia linaruhusiwa kilo 790, na humo wamo dereva na utingo. Toa kilo 150 za watu wawili, unabaki na magunia manane ya korosho ya kilo 80, au mifuko kumi na miwili ya saruji. Hapo watu huumia: wanaona bodi kubwa wanadhani ni tani.

3. Isuzu D-Max EV

Inabeba tani moja, inavuta tani 3.5, inasukuma magurudumu manne. Kwa ubavu ingekuwa ya kwanza. Ila betri ni ya uniti 66.9 na WLTP ni kilomita 263; ukiwa na mzigo panga 184. Lindi na kurudi inaimaliza yote. Kwa anayezunguka Mikindani, Naliendele na Msijute na kulala nyumbani kila siku, inafaa sana, tena kwa njia mbovu inaipita T90EV.

4. Toyota Hilux ya umeme

Hilux mpya iliyooneshwa mwaka 2025 ina betri ya uniti 59.2, inakwenda kilomita kama 240, na inabeba kilo 715. Jina tunaliamini na mafundi wanalijua, lakini kwa mzigo wa huku ni ndogo. Mwenye safari za Dar, kilomita 560 hivi, abaki na Hilux ya dizeli kwa sasa. Mafuriko ya Somanga ya 2024 yalikata barabara hiyo, na hapo betri ikikuishia huna wa kukuletea dumu.

Kabla ya kulipa

Kagua umeme wa nyumbani kwanza. Betri ya uniti 88.5 kwa chaja ya kilowati 7 inajaa kwa kama saa 13, na kwa soketi ya kawaida ni zaidi ya siku nzima. Ukiweza, omba TANESCO mita ya njia tatu, chaja ya kilowati 11 ifanye kazi hiyo usiku mmoja. Kama gari limetumika, dai kipimo cha afya ya betri kwa maandishi. Jaza upepo wa tairi kwa kipimo cha mzigo kilichobandikwa mlangoni, si cha gari tupu. Kisha pakia mifuko ya saruji hadi uzito unaoruhusiwa, endesha hadi Mingoyo na kurudi kwa kilomita 80 kwa saa, uandike asilimia ya betri ulipoondoka na uliporudi. Muuzaji akikataa jaribio hilo, tafuta mwingine.