Uzamili wa Teolojia kwa Mlei wa Dodoma: Kwenda Nairobi au Kusoma kwa Masafa?
Mlei (muumini asiye padre wala mtawa) wa Jimbo Kuu la Dodoma anayekwenda Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi, hupata maktaba na walimu wa kumsahihisha uso kwa uso. Anayesoma kwa masafa hukosa sehemu ya hayo, lakini somo la uchungaji alilosoma usiku hulipima Jumapili kigangoni, yaani kwenye tawi la parokia, huko Chamwino au Bahi, ambako katekista huongoza ibada padre asipokuwepo na wazee huuliza maswali yao kwa Kigogo. Kwa mwenye familia, naipendelea njia hii ya pili. Hata hivyo, kanuni ya 231 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, inayomtaka mlei anayejitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa aandaliwe ipasavyo, humpa pia haki ya malipo ya staha, na parokia inapaswa kulijadili hilo kabla hajalipa ada.