Mswaki mgumu, laini au wa umeme? Leo tunapima kwa mizani ya jikoni

Habari zenu wapendwa wangu, karibuni tena. Leo nina miswaki mitatu hapa mezani na mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Msiondoke mapema, maana mama yangu amekaa hapa pembeni na ameniahidi ataupima mkono wake mwenyewe kabla hatujamaliza.

Haya. Huu ni mgumu, nimeuchukua dukani kwa Mangi, elfu moja. Huu ni laini, wa famasi, elfu mbili na mia tano. Na huu ni wa umeme, Oral-B ya kuchaji, ile yenye kichwa cha duara, umenitoka laki moja na sitini. Unazunguka mara ngapi, una rangi gani, hayo yameandikwa kwenye boksi, siwasomei boksi.

Nianze na kinachoniuma. Mimi nimekulia Arumeru. Wenzangu wa Arusha, Meru, Hai, mnajua: ukicheka ugenini, mtu anakuuliza, "Wewe wa Arusha?" Ni hii rangi ya kahawia ya meno. Inatokana na floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yetu, na inaingia jinoni utotoni, wakati jino bado linajijenga ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na kuna visima na chemchemi kuzunguka Mlima Meru zinazopita hapo mara kadhaa. Magadi tunayotia kwenye maharage nayo yana floraidi yake.

Sasa sisi tukafanya nini? Tukanunua mswaki mgumu kuliko yote, tukaongeza mkaa, tukasugua. Mimi nimesugua tangu darasa la tano mpaka nafika chuo. Rangi haikupungua hata kidogo, kwa sababu haiko juu ya jino, imo ndani ya enameli yenyewe, lile ganda gumu. Kilichoondoka ni fizi. Ngoja nisogee kwenye kamera. Hapa, chonge la juu, kushoto. Mnaona lilivyo refu kuliko mwenzake wa kulia? Na huu mfereji hapa kwenye shina la jino, nikipitisha kucha inanasa. Maji ya baridi yakipita hapo nasikia mpaka sikioni. Na fizi ikishapanda hairudi yenyewe, enameli ikishalika haioti tena. Kwa hiyo wewe mzazi unayemwambia mtoto "sugua kwa nguvu hiyo rangi itoke", nakuomba sana, acha leo.

Mtaniuliza, basi ukoga utatokaje? Ukoga ni utando mlaini, unatoka kwa kitu laini. Ukiuacha ukagandamana ukawa kama chokaa, hapo hakuna mswaki utakaouweza, uwe mgumu kama waya, hiyo ni kazi ya daktari wa meno na vyombo vyake. Mswaki mgumu mdomoni sina kazi nao. Wa kwangu nasugulia kola za mashati.

Sasa mizani. Naiweka sifuri. Nachukua huu laini, nausimamisha juu yake, nabana kama nilivyozoea zamani. Angalieni namba: 280, 350, gramu 410. Mnaziona nywele zilivyolala pembeni? Zimetawanyika, ncha hazigusi tena chini, zinazogusa ni mbavu zake. Na ncha ndiyo inayosafisha. Gramu 150 mpaka 200 zinatosha kabisa. Hebu nibane hivyo: 160. Nywele zimesimama, ncha zinacheza. Mkono wangu unahisi kama sifanyi kitu, na hapo ndipo panapotutesa, tumelelewa kwamba usafi ni nguvu. Kwa hiyo hata ukiwa na laini, ukibana gramu 400 kila siku unajiumiza tu, labda polepole zaidi.

Ndiyo maana huu wa umeme umenibadilisha. Mwaka jana niliwaambia humu kwamba mswaki wa umeme ni anasa, na nilikuwa nimekosea. Angalieni hapa shingoni mwake. Nauwasha. Naugusisha kwenye mizani taratibu: 100, kimya. 180, kimya. 220... 250, hapo! Nyekundu! Mmeiona? Nalegeza, imezima. Nabana, nyekundu. Nalegeza, imezima. Wapendwa, hii taa ndiyo niliyoilipia laki moja na sitini. Wiki ya kwanza ilikuwa inawaka kila nikifika kwenye magego. Sasa hivi inaweza kupita siku tatu sijaiona. Hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono akaniambia "hapo umezidisha" sekunde ileile ninayozidisha.

Na kosa lililonitesa wiki ya kwanza: nilikuwa nausugua kama wa kawaida. Huu hausugui, unauweka kwenye jino, unatulia, unahamia jingine.

Washindani? Kuna Philips Sonicare, huo hauzunguki, unatetemeka, mapigo kama 31,000 kwa dakika. Niliazima wa dada yangu wiki mbili. Unasafisha vizuri tu, ila unanitekenya ulimi, na wa kwake ni wa bei ya chini, hauna taa. Ukiupata wenye kihisi cha kubana, sina ugomvi nao.

Chaji kwangu inakaa kama wiki mbili, kwa hiyo umeme ukikatika hauna wasiwasi. Kilichoniudhi ni plagi: imekuja ya pini mbili, ikabidi nitafute adapta. Na vichwa vya kubadilisha! Niliagiza mtandaoni vya bei rahisi, muuzaji akaniapia ni vyenyewe. Siku ya nne natema nywele pamoja na povu. Kabla hujanunua mswaki, ulizia kwanza bei ya kichwa, maana utakinunua kila miezi mitatu.

Je, ninawaambia mkope mnunue? Hapana. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yaliyokusanya majaribio mengi pamoja, yalikuta mswaki wa umeme unapunguza ukoga kwa asilimia 21 zaidi ya wa mkono, na kuvimba kwa fizi kwa asilimia 11, baada ya miezi mitatu au zaidi. Ni faida ya kweli. Lakini ukiwa na elfu mbili na mia tano, chukua laini, dakika mbili asubuhi, dakika mbili kabla ya kulala, uuinamishe kuelekea kwenye fizi, mizunguko midogomidogo. Mkono wako ukiwa mzito kama wangu na hela ipo, hapo nunua wa taa.

Tangazo dogo: video sasa zinatoka Alhamisi, siyo Jumapili. Na ijayo ni chujio la maji la mkaa wa mifupa, lile la kupunguza floraidi, mmeniomba sana.

Mama, njoo. Karibu hapa. Shika mswaki wako uleule wa kila siku, bana kama unavyopiga asubuhi.

"Hivi?"

Hivyohivyo mama. Wapendwa, someni wenyewe: 520. Mama, gramu 520!

"Mwanangu, mimi nimezoea."

Najua mama. Sasa ushike kwa vidole hivi, kama unavyoshika kalamu, siyo kwa kiganja. Legeza. Legeza tena. 300... 240... usiuachie, hapohapo... 170. Umeona? Zungusha kidogo. Bado 170. Endelea mama, nakuhesabia dakika mbili.