Nimeambiwa nipige picha ukurasa ambao haupo

Nilijiambia sitaandika chochote nikiwa na hasira, nikakaa siku tatu nne nikidhani zitapoa, hazijapoa, kwa hiyo acha niandike hivyo hivyo. Nyota moja. Na hiyo moja nimeitoa kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Niliagiza kitabu cha Vasari, yule mwandishi wa Italia wa karne ya 16, yale maisha ya wachoraji na wachongaji wa Italia, toleo la zamani lililochapwa upya. Vasari mtupu yuko kila kona, ukimtaka unampata bila jasho. Mimi nilitaka toleo la karne ya 19 lenye tanbihi, yaani maelezo ya mhariri chini ya ukurasa, zile ndefu ndefu zinazokula nusu ya ukurasa, maana kumsoma Vasari bila tanbihi ni kama kusikiliza mtu anayesimulia vizuri kupita kiasi, unacheka, unaguswa, unaamini, halafu unakuja kugundua nusu ya aliyosema hayakutokea. Alitoa kitabu 1550 akakipanua 1568, na wengi aliowaandika walishakufa kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo mengine aliyaokota midomoni mwa watu. Simlaumu. Ningekuwa mimi na mimi ningeokota.

Sasa kisa chenyewe. Kuna mchoraji wa Florence anaitwa Andrea del Castagno. Vasari anasema huyu bwana alikuwa na husuda imemjaa hadi kwenye kucha, akajipendekeza kwa mwenzake Domenico Veneziano mpaka akafundishwa siri ya kuchora kwa rangi za mafuta, kisha usiku mmoja Domenico ametoka na udi wake (udi wa nyuzi, sio wa kufukiza) kwenda kupiga muziki, Andrea akamvizia gizani na vipande vya risasi (risasi madini, sio ya bunduki), akampasua udi na tumbo kwa pamoja, akammalizia kichwani, akarudi chumbani kuendelea kuchora kama vile hajui lolote. Watu walipokuja kumwita akakimbilia kule analia ndugu yangu, ndugu yangu, na Domenico akakata roho mikononi mwake. Siri ya mauaji Andrea akaja kuitoa mwenyewe akiwa kwenye sakarati.

Nani ataacha kusoma hapo? Nilikuwa nimebana pumzi. Lakini nilishasikia mahali kwamba habari hii ina walakini, na ndiyo hasa iliyonifanya nitafute toleo lenye tanbihi, nimwone mhariri akimshika Vasari shati. Basi, chini ya ukurasa wa 103 kuna kinamba kidogo, nikashuka nacho, tanbihi inaanza mstari mmoja na nusu hivi, inasema habari hii isipokelewe ilivyo kwa kuwa

Kwa kuwa nini? Sijui! Ukurasa umeisha! Nafunua, nakutana na 106, mchoraji mwingine kabisa, mambo mengine kabisa, ya 104 na 105 hakuna. Nikarudi nyuma nikidhani karatasi zimegandana. Nikazisugua kwa vidole. Nikakitikisa kitabu kama mtu anayetafuta hela iliyojificha humo. Hakuna.

Na ngoja niwaeleze kitu kilichonichoma zaidi. 104 na 105 sio pande mbili za karatasi moja, zinatazamana. Kwa hiyo hakuna aliyechana karatasi. Kilichotokea ni kwamba mtu aliyekuwa anaskani kile kitabu cha zamani alifunua karatasi mbili kwa mkupuo bila kujua, wakapiga picha wakaenda mbele, na kwa vile ukurasa wa shufwa bado umeangukia kushoto na wa witiri kulia kama kawaida, kitabu kinaonekana kizima. Hakuna kitu kimekaa upande. Usiposoma hutajua. Yaani kuanzia siku kilipoingia kwenye kompyuta mpaka siku kilipofungashwa kuja kwangu, hakuna binadamu hata mmoja aliyekisoma, na wameweka jina lao mgongoni mwa kitabu!

Haya, nikawaandikia. Kwa adabu kabisa, nikawatajia namba za kurasa, nikasema naomba tu hizo kurasa mbili, hata kwa PDF, sitaki hela yangu. Akanijibu mtu wa huduma kwa wateja, mpendwa mteja, pole kwa usumbufu, ili tushughulikie ombi lako tafadhali tutumie picha inayoonyesha wazi kurasa zinazokosekana.

Nikasoma mara mbili. Nikaandika, ndugu yangu, kurasa hazipo, nitapigaje picha kitu ambacho hakipo. Akajibu, tunaelewa, lakini bila picha ya kurasa husika hatuwezi kuendelea na malalamiko. Nikapiga picha ya 103 na 106 zilivyofuatana, nikatuma. Akajibu kwamba amezikagua, kurasa zote mbili zinasomeka vizuri na hazina tatizo. WALLAHI. Zinasomeka vizuri! Nikamwambia tatizo sio hizo mbili unazoziona, tatizo ni zile usizoziona, akanyamaza kama nusu saa hivi halafu akaleta maelezo kwamba kitabu hiki ni cha kihistoria na kasoro ndogo ndogo ni sehemu ya haiba yake ya kale, na kwamba jambo hilo limeandikwa mwanzoni mwa kitabu. Nikaenda kuangalia mwanzoni. Kweli limeandikwa, kwa maandishi ya saizi ya chungu.

Jamani tuelewane. Doa la wino la mwaka 1880 ni haiba. Muhuri wa maktaba ni haiba, mimi napenda sana mihuri ya maktaba. Mtu kuruka kurasa mbili juzi juzi na mashine ya umeme, hiyo ni haiba ya kale ya nani?

Maana angalieni madhara yake. Kilichokuwa kwenye 104 nimekipata hatimaye, nitasema nilivyokipata, na ni hiki: katika karne ya 19 Gaetano Milanesi, mtu wa kupekua nyaraka za kale, alionyesha kwamba Castagno alikufa 1457, kwa tauni, na Domenico Veneziano alikufa 1461. Yaani marehemu aliishi miaka minne baada ya muuaji wake kuzikwa. Huyu mtu kabeba jina la muuaji karne tatu na ushee kwa jambo ambalo halikutokea, akaja mtu mmoja mvumilivu na makaratasi yake akamsafisha, na sasa mchapishaji wangu kwa kuruka kurasa mbili kamrudishia damu mikononi. Mtu atakayesoma nakala hii bila kushtukia ile kwa kuwa iliyoning'inia ataenda kusimulia kwamba Castagno aliua. Ndiyo maana nimekasirika hivi, wanaosema ni kurasa mbili tu waache kusema.

Na sio hilo tu, Vasari huyo huyo anasema Castagno ndiye aliyechora wale waliokula njama ya Pazzi, ile ya kuwapindua akina Medici waliotawala Florence, wakiwa wamenyongwa. Njama ya Pazzi ilikuwa 1478! Miaka 21 baada ya tauni! Ile kazi ya 1478 aliifanya Botticelli, mchoraji mwingine wa Florence, Castagno yeye alichora wanyongwa wengine mapema, baada ya vita vya Anghiari 1440, mpaka wakampa jina la utani la Andrea mdogo wa wanyongwa. Jina kama hilo nadhani ndilo lililomponza, ukishaitwa hivyo uongo wowote wa damu unakukaa mwilini. Hiyo ni fikra yangu tu, haimo kwenye tanbihi.

Mengine nitayapitia haraka maana hayaniumi sana. Picha zimekuwa mabaka meusi, ukiambiwa huyu ni mtakatifu unakubali tu. Fahirisi inarejelea namba za juzuu ambayo hawajaichapa. Jalada lina picha ya machweo na mashua, sijui mashua inahusiana vipi na wachoraji wa Florence lakini inapendeza, sikatai. Angalau wamechapa picha za kurasa zenyewe, kuna wengine wanaiachia kompyuta isome maandishi ya zamani yenyewe, na vitabu vya miaka ya 1700 vile vyenye s ndefu iliyokaa kama f kompyuta inakuletea f kila mahali, nina kimoja cha hivyo cha maisha ya mwandishi mmoja, ukikisoma kwa sauti unakuwa kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele.

Halafu, na hapa ndipo moyo wangu unapoanza kunisaliti, kwenye ukurasa wa mia mbili na kitu kuna kidole. Kidole cha mtu. Kimevaa kile kimpira cha rangi ya waridi cha kufunulia kurasa, kimeingia kwenye picha wakati wa kuskani na kimefunika mwanzo wa mistari mitatu. Mara ya kwanza nilitukana. Baadaye usiku nikakirudia, nikakitazama sana. Huyu ndiye yule aliyefunua mbili kwa mkupuo. Kafunua maelfu ya kurasa siku hiyo, pengine mgongo unamuuma, pengine alikuwa anawaza nauli au mtoto, mashine inampigia haraka haraka. Na katika biashara hii nzima, kuanzia mchapishaji aliyechukua kitabu kisicho na hakimiliki tena akakitia jalada la mashua, mpaka yule wa mpendwa mteja, ni yeye peke yake aliyekigusa kitabu chenyewe. Siwezi kumchukia. Nilijaribu.

Na haki isemwe, bila hawa wachapaji wa kukuchapia nakala moja ukiagiza, mimi toleo hili ningelishika wapi? Nakala halisi ziko maktaba zinatunzwa kama mayai. Kwa hiyo labda nyota mbili. Nikiwa nimetulia hata tatu.

Hapana, ngoja kwanza. Barua za mchoraji Van Gogh, barua 902, alizoandika na alizoandikiwa, zilitoka 2009 kwa juzuu sita zenye maelezo chini ya kila kitu, kila mtu aliyetajwa, kila mchoro, na wakaziweka zote bure intaneti kwa yeyote kusoma. Bure! Tanbihi na kila kitu! Mimi nimelipia tanbihi nikapewa kwa kuwa. Nyota moja, irudi moja.

Kurasa zangu nilizipata hivi. Nikatafuta skani nyingine ya toleo lile lile, kutoka nakala ya maktaba nyingine, iliyofunuliwa na mtu mwenye vidole vya taratibu zaidi, ikawepo, bure, 104 na 105 zote zipo zinang'aa. Nikakaa nikanakili tanbihi yote kwa penseli kwenye pambizo za 103 na 106, kwa mwandiko mdogo mpaka macho yakaniwasha, 1457, 1461, nikapiga mstari chini ya miaka yote miwili. Hapo ile kwa kuwa ikapata mwisho wake.

Jana, au ni juzi, wakaniandikia tena. Eti baada ya kupitia upya malalamiko yangu wamekubali kunirudishia hela yote, sharti kitabu kirudi kikiwa katika hali niliyokipokea, bila maandishi yoyote ndani.

Nimekaa nimekitazama. Kukirudisha kikiwa katika hali niliyokipokea maana yake nichukue kifutio nimfanye Castagno aue tena. Sikirudishi. Wabaki na hela yao, nyota mbili basi, moja ya Milanesi na moja ya kile kidole, na kama kuna anayetaka hizo kurasa mbili aniambie nimtumie, picha ninazo sasa.