Reali 8 za mnadani: sarafu orijino, ada inauma
Nimenunua reali 8 ya Meksiko ya 1761, sarafu ya zamani ya madini ya fedha ya enzi za Wahispania, ile yenye picha ya nguzo mbili na mawimbi, kwenye mnada mmoja wa mtandaoni na jamani bei zimepanda siku hizi, nilijiwekea kikomo nikajikuta nimekipita mara mbili hata sijashtuka. Halafu juu yake wanakupiga ada ya asilimia 20, imeandikwa huko chini kwa herufi za sisimizi. Sarafu yenyewe orijino, mzani umesoma gramu 26.9 (zilipotengenezwa zilikuwa na 27 na ushee), ukingoni ile nakshi yake ya majani ipo. Ila imesuguliwa bwana! Inang'aa kama sufuria mpya, na kwenye picha zao mikwaruzo haikuonekana kabisa. Imefungwa vizuri, imefika haraka. Nyota tatu.