Taa Ipi Inafaa kwa Picha za Shanga za Kioo na Vinyago Vidogo?

Karibuni watazamaji. Hapa mezani tuna vitu vitatu: shanga za kioo zilizotokana na chupa zilizoyeyushwa, kinyago cha mpingo chenye urefu wa sentimita 12, na kiboko wa jiwe la sabuni la Kisii anayeenea kiganjani. Pembeni zipo taa za aina ambazo wauzaji wa kazi za mikono huulizia sana. Tuanze na ile ambayo wengi huikimbilia kwanza, nayo ndiyo inayowaangusha zaidi.

Ni taa ya duara, hii ya ring light. Kwa uso wa mtu ni nzuri. Sasa tazama ushanga huu wa bluu. Unaiona hiyo pete nyeupe katikati? Hiyo si nakshi ya fundi, ni taa yenyewe. Mkufu wa shanga 60 utakupa pete 60. Ukiisogeza taa mbali, pete inakuwa ndogo lakini haiondoki.

Sababu ni hii. Kitambaa au mbao isiyopakwa kitu hupokea mwanga na kuusambaza kila upande. Kioo kilicholainishwa hakifanyi hivyo. Mwanga mwingi unapita ndani yake, na kiasi kidogo kinarudi kama kinavyorudi kwenye kioo cha kujitazamia. Na kwa kuwa ushanga ni mviringo, unaakisi karibu chumba kizima: taa, dirisha, shati lako, hata simu uliyoishika. Kwa hiyo ukiwa dukani usianze kwa kuuliza taa ina wati ngapi. Jiulize, ushanga wangu utakuwa unatazama nini?

Jibu tunalolitetea leo ni kwamba utazame karatasi nyeupe kubwa yenye mwanga nyuma yake. Taa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kile unachokiweka kati ya taa na ushanga.

Twende kwenye boksi la mwanga, lile la kukunja lenye mistari ya LED juu na waya wa USB. Kwa vinyago si baya. Kwa shanga, tazama: badala ya pete moja tuna mstari wa nukta nyeupe, kila nukta ni LED moja. Tena mwanga unatoka juu na kugonga kuta zote nyeupe, kwa hiyo ushanga unakosa kingo na unaonekana umebandikwa kwenye karatasi. Kama tayari unalo, usilitupe. Tandaza karatasi ya kuokea chini ya zile LED, ukiacha nafasi ya sentimita 3 au 4. Ukiigandisha kabisa kwenye LED nukta zitabaki, maana mwanga unahitaji umbali ili utawanyike. Halafu simamisha vipande viwili vya manila nyeusi kulia na kushoto kwa ushanga, na kingo zitarudi. Angalia pia ukubwa: boksi la sentimita 23 linakulazimisha kuingiza simu mlangoni, na simu yenyewe itaonekana kwenye ushanga kama doa jeusi. Chukua la sentimita 40 au zaidi.

Taa tunayoipendekeza ni ya kawaida kabisa: taa mbili za mezani za shingo ya kupinda, na balbu mbili za LED za wati 9 hadi 12. Zingatia kitako cha balbu. Kenya na Tanzania zinauzwa za pini na za skrubu, na taa nyingi za mezani hutaka skrubu, yaani E27. Soma pakiti kabla hujalipa.

Kwenye pakiti hiyohiyo tafuta namba mbili. Ya kwanza ni Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga kutoka njano hadi bluu. Chukua kati ya 5000 na 5600, na balbu zote mbili ziwe za aina moja. Ukichanganya na balbu ya sebuleni ya Kelvini 3000, upande mmoja wa ushanga utakuwa wa njano, na hakuna programu itakayousahihisha bila kuharibu upande wa pili. Zima taa zote za chumba.

Namba ya pili ni CRI, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo pesa hupotea. CRI ni alama isiyozidi 100 inayoonyesha jinsi taa inavyozitendea haki rangi. Tatizo ni kwamba ni wastani wa rangi nane, nazo ni rangi zilizopauka. Nyekundu iliyokolea hupimwa peke yake kwa jina la R9, wala haiingii kwenye wastani huo. Ndiyo maana balbu ya CRI 80 inaweza kuwa na R9 iliyo karibu na sifuri, na ushanga mwekundu kama damu ukatoka na rangi ya tofali. Hapo kurekebisha urari wa weupe, yaani mpangilio wa kamera unaofanya cheupe kionekane cheupe, hakusaidii, kwa sababu mwanga wenyewe haukuwa na wekundu wa kutosha. Tafuta CRI 95, na kama R9 imeandikwa, iwe 90 au zaidi. Kama haikuandikwa, nenda dukani na ushanga wako mwekundu. Uweke chini ya balbu, kisha utoe nje kivulini uutazame tena. Ukigeuka sana, iache balbu hiyo.

Kuna kioo kimoja cha kuangalia kwa makini zaidi: chenye madini ya neodimiamu. Kwenye jua ni zambarau hafifu, chini ya taa za mirija ya floresenti kinakuwa bluu ya moshi. Kama unauza shanga za kioo hicho, piga picha mbili na mwambie mteja wazi.

Sasa tupange. Kwa ushanga unaopitisha mwanga, usiumulike ushanga, mulika kilicho nyuma yake. Simamisha karatasi ya tresing, ile nyembamba inayopitisha mwanga, ya ukubwa wa A3, au kipande cha pespeksi (plastiki ngumu) nyeupe ya milimita 3, sentimita 25 hivi nyuma ya ushanga. Weka taa sentimita 30 hadi 40 nyuma ya karatasi, ikiielekea. Mbele usiwashe kitu. Tazama, rangi imefunguka ndani, ila kingo zimeyeyuka kwenye weupe. Chukua vipande viwili vya manila nyeusi, kila kimoja upana wa sentimita 5, visogeze kutoka kulia na kushoto mpaka karibu viingie kwenye picha. Umeona ule mstari mweusi mwembamba ukijichora ukingoni? Huo ndio umbo la ushanga. Mstari usipotokea, kosa ni karatasi kubwa mno: weupe wake unauzunguka ushanga hadi pembeni. Ifunike sehemu iliyobaki nje ya picha kwa manila nyeusi.

Kinyume chake kinapatikana bila kuhamisha taa. Bandika manila nyeusi katikati ya karatasi ileile, iwe kubwa kidogo tu kuliko eneo la picha, mwanga uzungukie pembeni. Nyuma kunakuwa giza na kingo zinawaka. Mpangilio huu hauna huruma: kila kiputo, kila mkwaruzo, kila unyoya wa vumbi unaonekana. Kwa kioo kisicho na rangi chenye nakshi ndani tunaupendelea kuliko ule wa kwanza, na mteja wa mbali anastahili kuviona hivyo viputo kabla hajalipa.

Bluu ya kobalti na kijani cha chupa nzito hutoka nyeusi zikimulikwa kutoka mbele. Kata kadi nyeupe ndogo kuliko ushanga, ifiche nyuma yake, uiinamishe ikutane na taa ya juu. Au ulaze ushanga juu ya pespeksi na taa iwe sentimita 20 chini yake. Shanga za unga wa kioo, kama zile za Wakrobo wa Ghana zinazochomwa kwenye kalibu za udongo, hazina shida hii. Mwanga haupiti kwa urahisi, kwa hiyo zimulike kutoka juu kama unavyomulika jiwe.

Mng'ao wote usiuue. Karatasi ya sentimita 20 kwa 30 juu ya ushanga, taa nyuma yake, inaacha mstatili mmoja laini, na jicho linajua papo hapo kwamba hiki ni kioo. Wapo wanaonunua kichujio cha polaraizi ili kuondoa mng'ao. Kwenye kioo bapa kinafanya kazi vizuri sana ukitazama kwa pembe ya nyuzi kama 56 kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya kioo. Kwenye ushanga kinaondoa sehemu moja na kuacha nyingine, na ukilazimisha kwa kuweka polaraizi kwenye taa pia, ushanga unafanana na plastiki.

Mpingo ni habari nyingine. Unameza mwanga. Ukiongeza nguvu ya taa ya mbele, nta iliyopakwa inang'aa kuwa madoa meupe na penginepo panabaki giza. Umbo la mpingo linachorwa na mwakisiko mrefu na laini, si na wingi wa mwanga. Weka karatasi ile ya tresing ya A3, taa nyuma yake, sentimita 20 kutoka kwenye kinyago, upande wa nyuma kushoto, mwanga uuparuze mgongo, shavu na mikunjo. Upande wa pili simamisha kadi nyeupe, si taa. Nyuma weka kijivu, maana juu ya weupe mtupu mpingo unakuwa kivuli tu. Kamera ikiona kitu cheusi hukipausha, kwa hiyo shusha kitelezi cha mwangaza hadi -0.7 au -1. Kwa ushanga juu ya weupe fanya kinyume, pandisha +0.7 hadi +1, la sivyo karatasi itatoka ya kijivu.

Kiboko wetu wa Kisii ndiye rahisi. Taa moja kutoka ubavuni, chini kidogo, kadi nyeupe upande wa pili, basi.

Kuna tatizo linalolaumiwa kamera bure: mistari myeusi inayotambaa kwenye skrini. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu ya bei ya chini inapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, kwenye sekunde 1/50 au 1/100, mistari itatulia. Taa yenye kitufe cha kupunguza mwanga inaweza kupepesa zaidi ikipunguzwa. Iache kwenye nguvu kamili, uirudishe nyuma: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Lakini rudisha taa, usirudishe karatasi. Karatasi ikienda mbali na ushanga inakuwa ndogo machoni pake, na mng'ao unageuka mkali.

Flashi ya kamera, kama Godox TT600 ya betri nne za AA, haina kupepesa na ina nguvu ya kukuruhusu kupunguza tundu la lenzi hadi f/11 au f/16 bila wasiwasi. Ubaya wake, huoni mng'ao utaangukia wapi mpaka upige. Kwa anayeanza, taa inayowaka muda wote inafundisha haraka zaidi. Tumia f/11, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), stendi ya miguu mitatu, kipima muda cha sekunde 2. Kwenye simu, rudi nyuma sentimita 30 hadi 40 na utumie lenzi ya 2x au 3x, kisha bonyeza kwa muda mrefu ili kufunga fokasi. Zima makro ya simu, yaani hali ya kupiga vitu kwa karibu sana: nyingi huhamia kwenye lenzi pana na kukulazimisha kugusana na ushanga.

Na dirisha je? Halina gharama, na rangi zake ni bora kuliko balbu yoyote tuliyoitaja. Lakini ushauri wa vitabu vya Ulaya, wa kutumia dirisha la kaskazini lisilofikiwa na jua, haufai huku. Dar es Salaam, jua la adhuhuri liko kusini kuanzia karibu tarehe 10 Oktoba hadi mapema Machi, na miezi iliyobaki liko kaskazini. Hamisha meza kulingana na msimu, au tundika bafta nyeupe dirishani.

Kabla ya kubonyeza, futa ushanga kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, ushike kwa glavu za pamba, na uangalie tundu lake kwa tochi. Unga wa kutenganisha kioo na waya ambao ushanga ulifinyangwa juu yake ukibaki humo ndani, mwanga wa nyuma utauonyesha kama uchafu wa kijivu katikati ya ushanga. Usugue kwa brashi ndogo ndani ya maji, uukaushe, ndipo uurudishe mezani.